Fundi, Motokaa na Njia Mbaya

Mji wa Mombasa, kama ujuavyo, ni kisiwa, na mtu atakaye kutoka kisiwani kwa motokaa ana milango mitatu. Upande wa kusini atapanda kivuko mpaka Likoni. Upande wa kaskazini atapita daraja la Nyali mpaka Kisauni. Na upande wa magharibi atapita Makupa mpaka Changamwe, aelekee bara. Kivuko cha Likoni kimekuwa kikifanya kazi tangu mwaka 1937. Pale Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu 1931, ambalo nafasi yake ilichukuliwa na daraja la zege mwaka 1980. Watu wengi hupita milango hii kila siku pasipo kutazama cho chote ila saa zao. Lakini wewe, msomaji, nakuomba utazame chini, penye ardhi yenyewe, kwa maana habari ya insha hii inaanzia huko.

Karibu na bahari, Likoni na Kisauni, utakuta mchanga mweupe, na chini yake jiwe la matumbawe, gumu, lenye ncha kali kama meno. Ukienda mbele kidogo kutoka ufukoni, ardhi huinuka na mchanga hugeuka mwekundu. Changamwe ni jambo jingine. Vilima vyake vimekaa juu ya mwamba laini wa tabaka tabaka, ambao wataalamu wa miamba wameupa jina la Changamwe yenyewe, na udongo utokanao nao ni wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka na kuwa vumbi. Wakati wa masika hunata na kuteleza.

Basi katika mwendo wa maili chache dereva hukutana na maadui watatu: mchanga umezao gurudumu, jiwe likatalo tairi, na tope liitelezeshalo gari nzima. Na ajabu yake ni kwamba dawa ya adui mmoja huwa sumu kwa mwingine. Tairi iliyopunguzwa upepo hupita vyema mchangani, lakini jiwe huipasua upesi. Springi laini hustahimili mashimo, lakini huilaza gari ubavu ikatapo kona. Swali ni hili: mtu aliye na motokaa moja tu, na mbele yake njia mbaya za namna nyingi, aitengeneze vipi hata ifike?

Swali hilo liliwasumbua mafundi wa Afrika Mashariki kwa muda wa nusu karne, na majibu yao yalisikika duniani kote. Leo swali hilo hilo huwasumbua watu washindanao kwa motokaa ndogo ziongozwazo kwa redio, ambazo mtu aweza kuzibeba kwapani. Nitakueleza habari za kubwa kwanza, kisha za ndogo, kwa kuwa elimu yake ni moja.

Mashindano makubwa ya motokaa katika nchi zetu yalianza tarehe 27 Mei 1953. Yaliitwa Coronation Safari, kwa sababu yalifanywa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Usisahau, msomaji, jinsi Kenya ilivyokuwa siku zile. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Wananchi wengi walikuwa kizuizini, ilhali walowezi walikuwa wakijitayarisha kwa mbio za furaha. Walioshika usukani walikuwa karibu wote Wazungu, na wachache Wahindi. Mwafrika alionekana kandokando ya njia akitazama, au chini ya motokaa akiwa na spana mkononi. Jambo hili lina uzito katika habari yetu, na tutalirudia.

Yafaa kwanza uyajue masharti ya mashindano yenyewe. Motokaa zilizoruhusiwa mwanzoni zilikuwa zile zile zilizouzwa madukani, nazo ziligawanywa katika mafungu kwa kadiri ya bei yake, ili ya bei ndogo isishindane na ya bei kubwa. Zilipita katika barabara za watu wote, pamoja na malori, mabasi na ng'ombe. Katika kila kituo dereva alipewa saa yake ya kufika, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa dhidi yake. Kwa hiyo mshindi hakuwa lazima yule aliyekwenda kasi kuliko wote mahali fulani. Mshindi alikuwa yule aliyepoteza dakika chache kuliko wenzake katika maelfu ya kilometa. Mtu aliyekwenda mbio siku nzima, kisha akasimama saa tatu kuunga springi iliyovunjika, alikuwa amejishinda mwenyewe.

Kutokana na masharti hayo, kazi ya fundi haikuwa kuunda motokaa mpya, bali kuitayarisha iliyoko. Alifungasha bamba la chuma chini ya injini, ili jiwe lisitoboe chombo cha mafuta. Mabomba ya breki na ya petroli yaliyopita chini ya gari aliyahamisha au kuyafunika. Alikaza kila nati, kisha akairudia kuikaza, kwa sababu mtikisiko wa barabara yenye matuta madogo madogo hulegeza hata kile kilichokazwa kwa nguvu. Alilinda chujio la hewa, kwa maana vumbi la nyika likiingia ndani ya injini huila kama msasa ulavyo mbao. Nyuma ya gari palitiwa mikono ya kushikia na mahali pa kukanyaga, ili gari ikizama topeni msaidizi wa dereva asimame pale, airukeruke kwa uzito wake, na magurudumu yapate kushika.

Mabaharia wetu waielewa kazi ya namna hii. Chombo hakitiwi kalafati katikati ya bahari. Hutiwa pwani, maji yakiwa yametoka, kabla tanga halijatwekwa. Nahodha asiyeziona nyufa za chombo chake akiwa pwani ataonyeshwa na mawimbi.

Hebu sasa tutazame motokaa chache zilizoshinda, na tuulize kwa nini zilishinda. Mwaka 1954 walishinda Vic Preston na D. P. Marwaha kwa Volkswagen ile ndogo yenye mgongo wa kobe. Nayo ilishinda tena 1957 na 1962. Haikuwa na nguvu nyingi. Lakini injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yaliyoisukuma, na kwa hiyo uzito wa injini uliyakandamiza magurudumu hayo yashike tope. Tena injini hiyo ilipozwa kwa hewa, si kwa maji. Gari isiyo na rejeta haiwezi kutobolewa rejeta. Na chini ilikuwa bapa, ikateleza juu ya matuta kama mtumbwi. Waliounda Volkswagen kule Ujerumani hawakuifikiria masika ya Afrika Mashariki, lakini mafundi wa huku walitambua mara moja kwamba umbo lile lafaa.

Baadaye ikaja Peugeot 404 ya Ufaransa, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Siri yake ilikuwa katika springi: laini, zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, hata gurudumu liliingia shimoni na kutoka pasipo kuirusha gari. Kwa miaka mingi mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, ambapo mvua za masika huanza, na mwaka 1963 mvua ilikuwa kali. Motokaa 84 ziliondoka. Zilizomaliza zilikuwa 7. Mwaka 1968 ziliondoka zaidi ya 90, na tena zikamaliza 7. Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, wakiwa ndani ya Peugeot 404. Wazee wetu walisema, kawia ufike. Sidhani kwamba methali hiyo imepata kuthibitishwa kwa hesabu iliyo wazi kuliko ile ya 7 katika 84.

Katikati ya miaka hiyo alitokea mtu ambaye habari zake zapasa kukaa katika kichwa cha kila mwanafunzi apendaye kazi za mikono. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika karakana ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia mashindanoni wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumika, si mpya. Makampuni makubwa yalileta motokaa mpya na mafundi wao kutoka ng'ambo. Ndugu hao wawili waliifungua Volvo yao, wakaikagua, wakaitengeneza wenyewe. Nao wakashinda kwa zaidi ya saa nzima. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo akiendesha Mitsubishi Lancer, na watu wakampa jina la Simba. Lakini ushindi ninaokutaka uukumbuke ni ule wa kwanza, kwa kuwa ndani yake fundi na dereva walikuwa mtu mmoja. Mtu aliyeikaza nati kwa mkono wake husikia kwa sikio lake inapoanza kulegea.

Madereva wa Ulaya waliokuwa mashuhuri kwao walikuja mwaka baada ya mwaka, nao walirudi mikono mitupu. Kuanzia 1953 hata 1971 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda. Aliyeivunja desturi hiyo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, pamoja na Gunnar Palm wa Sweden, mwaka 1972, kwa Ford Escort. Walishindaje? Kampuni yao ilikuwa imekwisha kujifunza kwa kushindwa. Njia ilichunguzwa mapema, na motokaa ikaimarishwa kwa ajili ya njia hiyo. Maana yake ni kwamba wageni hawakushinda mpaka walipokubali kuwa wanafunzi wa njia zetu.

Mfano mwingine ni wa mwaka 1983. Wakati huo Audi Quattro ilikuwa imeishangaza Ulaya, kwa sababu injini yake ilizungusha magurudumu yote manne. Wengi walidhani kwamba gari ya namna hiyo haina mpinzani topeni. Lakini mwaka huo Safari ilishindwa na Ari Vatanen kwa Opel iliyosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma; na miaka mitatu iliyofuata ilishinda Toyota Celica, nayo ya magurudumu mawili. Audi haikushinda mpaka 1987. Ubora wa jambo moja hautoshi; vitu vyote vya gari sharti vikubaliane, kisha vikubaliane na njia.

Tena mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, motokaa ndogo mno, ambayo injini yake haikufika hata lita moja. Colin McRae wa Scotland, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, aliendesha gari ya namna hiyo hiyo katika mashindano hayo hayo, akaenda kasi sana mwanzoni, wala hakumaliza. Njiru alimaliza, akawa wa 12. Mwaka uliofuata, akiwa na Subaru kubwa zaidi, alikuwa wa 4. Huyu ni Mwafrika aliyeketi mahali ambapo mwaka 1953 Waafrika hawakuketi.

Mombasa ilikuwa na sehemu yake katika habari hizi. Kwa miaka mingi motokaa zilishuka kutoka Nairobi, zikapita vilima vya Taita na nyika kavu ya Taru, zikaingia pwani zikiwa nyekundu kwa vumbi, kisha zikageuza kurudi. Motokaa nyingi zilizoletwa kutoka ng'ambo, za mashindano na za kawaida, zilishushwa Kilindini. Na tangu miaka ya 1970 pako upande wa bara wa Mombasa kiwanda kiunganishacho sehemu za motokaa na malori. Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa 2021, na makao yake yakawa Naivasha. Lakini tangu 2003 pamekuwa na mashindano mengine, ya motokaa za zamani, nayo mara kadhaa yameanzia au kumalizikia Mombasa. Ndani yake zimeonekana tena Datsun, Escort na Porsche za siku zile.

Sasa tugeukie motokaa ndogo. Mtu wa kwanza kuonyesha chombo kiongozwacho kwa redio alikuwa Nikola Tesla, mwaka 1898, mjini New York. Nacho kilikuwa mashua, si motokaa. Ilipasa miaka mingi ipite, na vyombo vya redio viwe vidogo na vyepesi, kabla ya watu kuweza kuvitia ndani ya kigari. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa Porsche ndogo ya kuongozwa kwa redio, iliyofaa penye sakafu au lami tu. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ilitoa nyingine mbili kwa ajili ya njia mbaya, zenye kipimo cha moja ya kumi ya motokaa halisi, na zenye springi na shokomzoba za mafuta. Moja yake iliitwa Sand Scorcher, na umbo lake, msomaji, lilikuwa lile lile la Volkswagen yenye mgongo wa kobe. Kufikia 1985 palikuwa na mashindano ya ubingwa wa dunia ya magari ya namna hiyo, yaliyofanyika California.

Usidhani kwamba gari ndogo ni rahisi kuliko kubwa. Kwa gari ya moja ya kumi, kokoto ya sentimita 3 ni sawa na jiwe la sentimita 30 kwa gari kubwa. Tena iko hesabu nyingine. Ukipunguza urefu, upana na kimo cha kitu mara kumi, ujazo wake hupungua mara elfu, na uzito kadhalika. Lakini eneo la tairi ligusalo ardhi hupungua mara mia tu. Kwa hiyo tairi ya gari ndogo huikandamiza ardhi kwa nguvu iliyo kama sehemu moja ya kumi ya ile ya gari kubwa. Ndiyo sababu kigari hurukaruka kama panzi, na ndiyo sababu kuirekebisha kwataka uangalifu mkubwa.

Mambo ya kurekebisha ni matano hasa. La kwanza ni tairi. Penye mchanga mwingi yatakiwa tairi pana yenye meno marefu, ipate kuusukuma mchanga kama kasia lisukumavyo maji. Penye udongo mgumu meno marefu hupinda na kuiyumbisha gari, na hapo yafaa meno mafupi yaliyosongamana. Topeni meno yawe marefu na yaachane, ili udongo uanguke wala usigande.

La pili ni kimo cha gari kutoka chini. Ikiinuliwa hupita juu ya mawe, lakini hupinduka upesi kwenye kona. Ikishushwa hutulia, lakini hukwaruza. La tatu ni springi na shokomzoba. Springi hupokea mshtuko. Shokomzoba, ambayo ndani yake pistoni hupita katika mafuta, huizuia springi isiendelee kurukaruka. Mafuta mazito huipunguza mwendo, mepesi huiachia. Kumbuka kwamba joto huyafanya mafuta kuwa mepesi: gari iliyorekebishwa ikatulia asubuhi huenda ikarukaruka adhuhuri, jua la Mombasa likiwa kichwani.

La nne ni difu. Gari ikatapo kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu ndiyo iyaruhusuyo magurudumu hayo kutofautiana. Ikiwa legevu mno, gurudumu lililo hewani huzunguka bure na lililo chini husimama. Ikiwa kavu mno, gari haikubali kupinda. La tano ni mahali pa uzito. Betri ikisogezwa nyuma, magurudumu ya nyuma hushika vizuri, kama ilivyokuwa katika Volkswagen. Lakini ya mbele huwa mepesi na usukani hupoteza nguvu. Fundi hutafuta pale ambapo hasara zake ni ndogo kuliko faida.

Iko kanuni moja ipitayo hayo yote matano: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, jaribu, kisha andika. Mtu abadilishaye tairi, mafuta na springi kwa pamoja, gari yake ikienda vyema hatajua aishukuru nini, na ikienda vibaya hatajua alaumu nini. Hiyo ndiyo njia ya mtaalamu katika chumba cha sayansi, wala haina tofauti na ya fundi gerejini.

Sasa rudi kwenye zile ardhi tatu, uone jinsi mambo matano yanavyokutana nazo. Ufukoni Likoni, mchanga mkavu wa juu utaimeza gari yako, lakini ule uliolowa karibu na maji ni mgumu kama sakafu. Hatua ishirini tu zabadilisha tairi itakiwayo. Jihadhari na maji ya chumvi, kwa maana hula beringi kwa siku chache. Gari iliyopita hapo ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, itiwe mafuta. Kisauni, penye vipande vya matumbawe, utahitaji kimo zaidi na bamba la kulinda tumbo la gari, kama lile la motokaa za Safari. Changamwe wakati wa kiangazi utahitaji meno mafupi na chombo cha kuzuia vumbi. Mvua ikinyesha, mpango ule ule hautakufaa hata kidogo. Hakuna rekebisho moja lililo bora mahali pote. Liko lifaalo mahali hapa, siku hii.

Wala usiseme, "Sina fedha za kununua kigari cha redio." Watoto wa nchi hii wameunda magari ya waya na vifuniko vya chupa kwa miaka mingi. Gari ya waya haina redio wala difu, lakini ina magurudumu, ina kimo, ina uzito mbele na nyuma. Iburute mchangani, kisha juu ya mawe, kisha topeni, na uandike uonacho. Utakuwa umeanza.

Nilisema kwamba tutalirudia jambo la mtu aliyekuwa chini ya motokaa. Ukitafuta orodha ya washindi wa Safari tangu 1953, utaipata kwa urahisi, na jina la dereva na msaidizi wake yamo. Majina ya waliotengeneza motokaa hizo hayamo. Ni nani aliyegundua kwanza kwamba bomba fulani lapasa kuhamishwa? Ni nani aliyeisikia springi ikilia usiku, akaibadilisha kwa mwanga wa kurunzi, gari ikafika asubuhi? Wengi wao walikuwa Waafrika na Wahindi wa gereji za Nairobi, Kampala, Mombasa na miji mingine. Elimu waliyokuwa nayo haikuandikwa vitabuni, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Walioiandika historia walisimama kwenye mstari wa kumalizia, wala si katika karakana.

Ulifanyika hivyo upungufu katika historia yetu, lakini sehemu yake yaweza kuzibwa, na wa kuuziba ni wewe. Wako bado mafundi wazee, Changamwe na penginepo, waliozifungua motokaa za siku zile kwa mikono yao. Nenda kwa mmoja wao jioni, kazi ikiwa imepungua. Mwamkie kwa adabu, umpe heshima kama umpavyo babu yako, umwombe akusimulie gari moja tu aliyoikumbuka: ilikuwa na ugonjwa gani, aliujuaje, aliutibu vipi. Usimkatize. Andika jina lake, mwaka, namna ya gari, na kila chombo atakachokitaja kwa jina alipalo yeye. Akifa kabla hujafika, karakana hiyo itakuwa imefungwa milele, na hakuna kiwanda cha Japani wala cha Ulaya kitakachoweza kukuuzia ufunguo wake.